Macho ya David Bowie na rangi mbili ambazo hazikuwepo

Muulize shabiki wa roki ni mwanamuziki gani alikuwa na jicho moja la buluu na jingine la kahawia, na jina la David Bowie litatajwa kabla hujafika mwisho wa swali. Jibu hilo limechapwa magazetini, limesemwa redioni, limewekwa kwenye chemshabongo, na watu wanalipokezana bila wasiwasi wowote. Lakini macho yote mawili ya Bowie yalikuwa ya buluu. Kilichotofautiana ni mboni, lile tundu jeusi la katikati ya jicho. Mboni ya kulia ilibana penye mwanga na kutanuka penye giza, kama ya mtu yeyote. Ya kushoto ilibaki imetanuka, liwake jua au lizame, tangu alipokuwa na umri wa miaka 15 hadi alipofariki New York tarehe 10 Januari 2016.

Kosa hili linanivutia kwa sababu halikuanzishwa na waongo. Waliolianzisha walimtazama Bowie kwa makini na kwa mapenzi, wakaona jicho moja jepesi na jingine zito, wakasema walichokiona. Kwa hiyo haitoshi kuwaambia kwamba wamekosea. Inabidi kueleza jinsi jicho la buluu linavyoweza kuonekana la kahawia mbele ya maelfu ya watu wenye macho mazima.

Na hiyo ndiyo nadharia ya upole kuliko zote. Nyingine zilienda mbali zaidi. Kuna walioamini kwamba jicho la kushoto lilikuwa la kioo. Kuna waliosema lilikuwa pofu, au kwamba Bowie alivaa lenzi moja ya rangi ili awachanganye watu, au kwamba ni matokeo ya kokeini, au kwamba alizaliwa hivyo. Na tangu mwaka 1972, alipopanda jukwaani akiwa na nywele nyekundu na kujiita Ziggy Stardust, wapo waliopenda kuamini kwamba macho yale hayakuwa ya mtu wa dunia hii. Miaka minne baadaye Nicolas Roeg alimpa nafasi ya kiumbe aliyeanguka kutoka anga za mbali katika filamu ya The Man Who Fell to Earth. Mhusika huyo huficha macho yake halisi nyuma ya lenzi, na madaktari wanapomchunguza kwa eksirei lenzi hizo zinagandia machoni. Baada ya filamu kama hiyo, unawezaje kumlaumu kijana wa miaka 17 aliyetoka ukumbini akiwa na maswali?

Ngumi ya Bromley

Jina la kuzaliwa la Bowie ni David Robert Jones. Alizaliwa Brixton, kusini mwa London, tarehe 8 Januari 1947, na akiwa bado mdogo familia ilihamia Bromley, kitongoji cha watu wa kipato cha kati pembezoni mwa jiji. Alisoma Bromley Technical High School, ambako sanaa ilifundishwa na Owen Frampton, baba wa mpiga gitaa Peter Frampton. Rafiki yake mkubwa alikuwa George Underwood. Walifahamiana tangu utotoni, wakapenda muziki uleule wa Marekani, mavazi yaleyale na, kwa bahati mbaya, msichana yuleyule.

Mapema mwaka 1962 Underwood alipanga kukutana na msichana huyo. Kwa mujibu wa Underwood mwenyewe, ambaye amekisimulia kisa hiki mara nyingi bila kujificha, Jones alimwambia kwamba msichana amebadilisha mawazo na hatakuja. Haukuwa ukweli. Msichana alifika, akasubiri, akaondoka akijua ameachwa. Underwood alipogundua kwamba rafiki yake alimdanganya ili apate nafasi yeye, hasira zilimpanda, akamtafuta shuleni na kumtandika ngumi moja ya jicho la kushoto.

Ngumi moja tu. Baadaye watu waliiongezea vikorombwezo: alivaa pete, alishika bikari ya hisabati, alikuwa na betri kiganjani. Underwood amekana yote hayo. Anasema mkono ulikuwa mtupu na kwamba hakukusudia kumuumiza rafiki yake kwa kiasi kile. Ninamwamini, na sababu yangu ni ya kitabibu zaidi kuliko ya kiutu: jicho halihitaji chuma ili kuharibika namna ile. Ngumi inatosha.

Tazama kinachotokea. Katikati ya jicho kuna irisi, ule mviringo wenye rangi unaoizunguka mboni. Irisi ina misuli ya aina mbili. Wa kwanza umeizunguka mboni yenyewe, na kazi yake ni kubana, kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Wa pili umetandazwa kutoka ukingoni kuja katikati na kazi yake ni kuvuta mboni itanuke. Msuli wa kubana huamrishwa na neva ya tatu ya ubongo. Wa kutanua huamrishwa na mfumo uleule wa neva unaofanya moyo uende mbio mtu anaposhtuka. Jicho zima ni mazungumzo yasiyokoma kati ya misuli hiyo miwili, na mboni hubadilika ukubwa bila wewe kujua, kuanzia milimita 2 hivi juani hadi milimita 7 au 8 gizani, hasa kwa vijana.

Ngumi inapotua, jicho hubonyea kutoka mbele kwenda nyuma kwa muda mfupi mno. Jicho limejaa majimaji, na majimaji hayabonyezeki, kwa hiyo ukuta wa jicho hutanuka pembeni ghafla na irisi huvutwa nao. Msuli mwembamba wa kubana huweza kuchanika palepale, au neva ndogo zinazouendesha zikaharibika. Damu huweza kumwagika ndani, ikajikusanya kati ya irisi na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Msuli wa kutanua, ulioshikamana na ukingo, mara nyingi hunusurika. Ukisha kufikia hapo, mazungumzo yamekuwa ya upande mmoja: kuna wa kuvuta, hakuna wa kubana. Mboni hutanuka na kubaki hivyo.

Jones alipelekwa hospitali na kukosa masomo kwa muda. Kulikuwa na hofu ya kweli kwamba angepoteza uwezo wa kuona. Uwezo huo uliokolewa. Msuli haukuokolewa.

Mwanga wa jukwaani

Sasa turudi kwenye rangi, kwa sababu hapa ndipo penye fundo.

Irisi ya buluu haina rangi ya buluu ndani yake. Hakuna kemikali ya buluu katika jicho la binadamu. Kuna melanini tu, ileile inayoipa ngozi weusi wake, na ni ya kahawia. Ikiwa nyingi katika tabaka la mbele la irisi, jicho huwa la kahawia au jeusi. Ikiwa kidogo sana, mwanga huingia, hutawanyika ndani ya nyuzi za irisi, na mawimbi ya buluu ndiyo hurudi kwa wingi kwa anayetazama. Kwa hiyo buluu ya jicho la Bowie ilihitaji vitu viwili: mwanga wa kutosha, na eneo la irisi la kuupokea.

Jicho la kushoto lilinyimwa hilo la pili. Mboni ikitanuka, irisi hukunjamana na kuwa utepe mwembamba ukingoni. Kiasi kidogo cha melanini kilichotandazwa kwenye eneo pana sasa kimebanwa mahali pembamba, kwa hiyo hata utepe wenyewe huonekana mzito kuliko kawaida. Sehemu kubwa ya kile anachokiona mtazamaji ni tundu, na tundu ni jeusi. Changanya weusi mpana na ukingo mwembamba wa buluu-kijivu, utazame kutoka safu ya 20 ya ukumbi, na ubongo wako utakupa jibu moja: jicho la rangi ya giza.

Kisha kuna jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Tofauti kati ya macho hayo mawili haikuwa ileile saa zote. Gizani, mboni nzima ya kulia ilitanuka pia, ikaikaribia ya kushoto, na macho yakaonekana kufanana. Penye mwanga mkali, ya kulia ilibana mpaka ikawa nukta, irisi yake ikatandazwa yote, buluu ikang'aa. Ya kushoto haikusogea. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale penye mwanga mwingi zaidi. Na Bowie alifanya kazi wapi? Chini ya taa za jukwaa, mbele ya taa za studio za picha, kwenye seti za filamu na televisheni. Kama angekuwa karani wa benki pale Bromley, akifanya kazi kwenye chumba chenye mwanga hafifu wa majira ya baridi ya Uingereza, pengine wenzake wangechukua miaka kuligundua. Kazi yake ilimweka kila siku mahali ambapo dosari ile ilionekana kwa ukamilifu wake.

Hilo linamaliza pia ubishi mwingine wa mashabiki, ule wa kuweka picha za miaka tofauti sambamba na kudai kwamba jicho "lilipona" mwaka fulani na "kuharibika" tena mwaka mwingine. Jicho halikupona wala kuharibika. Taa zilibadilika. Vilevile wanaobishana kama lilikuwa la kushoto au la kulia mara nyingi wanasahau kwamba jicho la kushoto la mtu liko upande wa kulia wa picha yake, na kwamba picha huweza kuchapwa kinyume.

Ongeza televisheni. Julai 1972 Bowie aliimba katika kipindi cha Top of the Pops cha BBC, na vijana wengi wa Uingereza wanaitaja jioni ile kama siku walipomjua. Matangazo ya rangi yalikuwepo, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe. Kwenye kioo kama hicho hakuna buluu wala kahawia; kuna jicho jepesi na jicho zito. Mtazamaji ndiye aliyejaza rangi, na rangi iliyo karibu zaidi kuijaza kwenye jicho zito ni kahawia. Kuna kitu kinachogusa moyo katika hili: mashabiki walishiriki kuyapaka rangi macho ya mtu waliyempenda.

Jambo jingine linatuhusu sisi moja kwa moja. Chukua ngumi ileile, jeraha lilelile, umpe kijana wa Mwanza au Mombasa mwenye macho meusi. Mboni nyeusi ndani ya irisi ya kahawia iliyokolea haionekani hata ukiwa umekaa naye meza moja, sembuse jukwaani. Asingepata jina wala uvumi. Ili jeraha la Bowie liwe maarufu lilihitaji jicho jepesi la kulibeba. Kwetu sisi ni jambo la kuzingatia kiafya, kwa maana mboni zisizolingana zinaweza kukaa muda mrefu usoni mwa mtu mweusi bila ndugu zake kugundua. Daktari wa macho huhitaji tochi na chumba chenye giza ili azione.

Kokeini, kioo na upofu

Nadharia ya kokeini ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Bowie alitumia kokeini kwa wingi katikati ya miaka ya 1970, hasa alipoishi Los Angeles, na yeye mwenyewe hakuficha baadaye jinsi kipindi kile kilivyomdhoofisha. Na ni kweli kokeini hutanua mboni. Ila dawa iliyoingia mwilini husafiri kwa damu, na damu haichagui jicho. Hutanua mboni zote mbili. Zaidi ya hayo, tofauti ile ilikuwepo miaka mingi kabla ya Los Angeles.

Dawa inaweza kutanua mboni moja tu kama imegusa jicho hilo lenyewe. Matone ya atropini hufanya hivyo. Mmea wa datura, ule wenye maua marefu na matunda yenye miiba unaoota ovyo majalalani na kando ya mashamba yetu, hufanya hivyo pia: mtu anang'oa magugu, anajifikicha jicho moja, na kesho yake anaamka na mboni moja kubwa. Hali hiyo huisha baada ya siku kadhaa. Ya Bowie haikuisha.

Jicho la kioo halikuwepo. Jicho la bandia halifuati mwenzake sawasawa linapogeuka, na filamu za maonyesho yake zinaonyesha macho mawili yaliyo hai, yanayotembea pamoja. Upofu nao haukuwepo, ingawa uoni wake uliathirika. Bowie alieleza kwamba alipokuwa akiendesha gari, magari yaliyokuja upande wake hayakuonekana kusogea. Yalionekana kukua tu. Alipoteza sehemu ya uwezo wa kupima umbali.

Ni rahisi kudhani kwamba hilo linahitaji jicho lililokufa. Halihitaji. Mwanga peke yake unatosha kuvuruga hesabu. Mboni ya milimita 7 ina eneo linalozidi mara tano lile la mboni ya milimita 3, kwa hiyo jicho moja hupokea mwanga mwingi mno na jingine hupokea kiasi chake. Mwaka 1922 Mjerumani Carl Pulfrich alieleza matokeo ya hali hiyo, naye alikuwa mtu ambaye jicho lake moja halikuona. Jicho lenye mwanga mdogo hupeleka taarifa ubongoni kwa kuchelewa kidogo. Unaweza kujaribu mwenyewe nyumbani. Funga funguo kwenye uzi, mwombe mtu aubembeze kushoto na kulia mbele yako kwa mstari mnyoofu, kisha funika jicho moja kwa kioo kimoja cha miwani ya jua huku macho yote mawili yakiwa wazi. Funguo zitaacha kwenda kushoto na kulia. Zitaonekana kuzunguka, zikija kwako na kurudi nyuma. Hakuna kilichobadilika kwenye uzi. Umebadilisha mwanga wa jicho moja tu, na kina cha dunia kimebadilika.

Aliyewahi kutiwa matone ya kutanua mboni kliniki ya macho anajua usumbufu wake. Unatoka nje, jua la saa sita linakuchoma, unatembea umekinga uso kwa mkono hadi dawa iishe baada ya saa kadhaa. Bowie aliishi na jicho moja la namna hiyo kwa zaidi ya miaka 50, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya taa kali. Nikiyatazama maonyesho yake ya 1973, ninachokifikiria ni kazi aliyoifanya yule mtu kuacha jicho lile wazi.

Wenye rangi mbili kweli

Macho ya rangi mbili yapo, na hali hiyo huitwa heterokromia. Mchezaji besiboli wa Marekani Max Scherzer ana jicho moja la buluu na jingine la kahawia, na kwake hakuna cha kubishania. Mwigizaji Kate Bosworth ana jicho la buluu lenye kipande cha kahawia. Mbwa wa Siberia na paka wa Van wa Uturuki wanajulikana kwa hilo. Kwa binadamu mara nyingi ni jambo la kuzaliwa nalo na halina madhara yoyote: melanini imegawanyika bila usawa, basi.

Wakati mwingine, hata hivyo, ni ishara. Kuna hali ya kurithi iliyopewa jina la daktari Mholanzi Petrus Waardenburg, aliyeieleza mwaka 1951. Mtoto huweza kuzaliwa na jicho moja la buluu, au yote mawili, katika familia ambayo wote wana macho meusi. Anaweza pia kuwa na shungi la nywele nyeupe juu ya paji. Hali hii ipo kwa Waafrika kama ilivyo kwa watu wengine. Watoto hao wanapigwa picha na wageni, majirani wananong'ona, mama anaulizwa maswali yasiyo na adabu kuhusu baba wa mtoto. Katika minong'ono yote hiyo, jambo la muhimu linapitwa: wengi wao husikia kwa shida au hawasikii kabisa, na mtoto asiyesikia akigunduliwa mapema anaweza kufundishwa lugha mapema. Mtoto mwenye jicho la buluu katika ukoo wa macho meusi apelekwe kupimwa masikio. Uzuri wa macho yake unaweza kusubiri.

Rangi huweza kubadilika ukubwani pia. Matone fulani ya kutibu presha ya jicho, yakitumika kwenye jicho moja, huweza kuifanya irisi ikolee taratibu kwa miezi. Uvimbe wa ndani wa muda mrefu huweza kuipausha. Kipande cha chuma kilichoingia jichoni kwa fundi asiyevaa miwani kikibaki humo huacha kutu inayobadilisha rangi ya irisi. Kwa mafundi wa kuchomelea na kusaga chuma wa mitaani kwetu hiyo si hadithi ya mbali.

Urafiki uliobaki

Cha ajabu kwangu kuliko jicho lenyewe ni kwamba Jones na Underwood hawakuachana. Mwaka uleule wa 1962 waliimba pamoja katika kundi la Konrads. Mwaka 1964 walitoa santuri na kundi la King Bees, Jones akiwa mbele na Underwood kwenye gitaa. Santuri haikuuza. Underwood aliuweka muziki pembeni akarudi kwenye uchoraji, na Jones akabadilisha jina kuwa Bowie ili asichanganywe na Davy Jones wa kundi la Monkees.

Kisha ikafika zamu ya rangi. Picha za jalada la albamu za Hunky Dory ya 1971 na ile ya Ziggy Stardust ya 1972 zilipigwa na Brian Ward kwa nyeusi na nyeupe. Aliyezipaka rangi baadaye ni Terry Pastor, mwenzake Underwood katika studio yao ya michoro. Hebu lifikirie hilo. Studio ya mtu aliyemharibia Bowie jicho ndiyo iliyopewa sura yake iitie rangi, kwenye picha ambazo dunia ingemjua nazo. Underwood amesimulia kwamba Bowie alimwambia miaka ya baadaye kuwa ngumi ile ilimfanyia hisani, kwa kuwa ilimpa sura ya kiumbe wa ajabu. Nadhani Bowie alikuwa anasema kweli, na nadhani pia kwamba alikuwa anamtua rafiki yake mzigo.

Macho hayo yana njia yao hadi Nairobi. Mwaka 1992 Bowie alimwoa Iman, Msomali mzaliwa wa Mogadishu, ambaye mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Peter Beard alipomwona na kumpiga picha. Iman akawa mwanamitindo mkubwa New York. Waliishi pamoja hadi kifo cha Bowie, wakapata binti, Alexandria Zahra, mwaka 2000.

Mboni ya mtu wa nyumbani

Mtu akishajua kisa hiki huanza kutazama mboni za watu, na hilo linaweza kumtia hofu bure. Takriban mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana kidogo, kwa kawaida chini ya milimita 1, na tofauti hiyo hubaki ileile penye mwanga na penye giza. Hao hawana ugonjwa.

Kuna picha moja ya kuiangalia kwa uzito. Mtoto akipigwa picha kwa mwanga wa ghafla wa kamera, mboni zake mara nyingi hutoka nyekundu, kwa sababu mwanga umefika nyuma ya jicho penye mishipa ya damu na kurudi. Jicho moja likitoka jeupe huku jingine ni jekundu, na ikajirudia kwenye picha zaidi ya moja, mtoto apelekwe hospitali yenye idara ya macho, kama CCBRT au Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, au kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu nchini Kenya. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya retina, yaani ya utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo ikikutwa mapema hutibika na ikicheleweshwa huua.

Kwa mtu mzima, swali la kwanza ni lini tofauti ilianza. Mboni moja iliyotanuka ghafla, kope la jicho hilo likalegea, mtu akaona vitu viwiliviwili au akalalamika kichwa kinachouma kuliko siku zote, hiyo ni dharura. Neva ya tatu hupita jirani na mishipa mikubwa ya damu chini ya ubongo, na mshipa uliovimba ukiibana, mboni ndiyo hutoa taarifa kabla ya mshipa kupasuka. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa: mboni moja ikianza kutanuka na yeye akaanza kusinzia, kinachotafutwa ni damu ndani ya fuvu, na saa zinahesabika.

Daktari mwenye uzoefu, mgonjwa asipokumbuka lini, huomba kitu ambacho watu hawakitarajii: kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva, picha ya harusi. Huitazama kwa kioo cha kukuzia. Tofauti ikiwepo pia kwenye picha ya miaka 10 iliyopita, na mgonjwa hana dalili nyingine, mara nyingi hurudishwa nyumbani. Isipokuwepo, anaandikiwa kipimo cha picha ya kichwa siku hiyohiyo.